Mume wangu anasema mashine ndiyo inayomla miguu

Assalamu alaykum Bibi,

Mimi ni mke wa mvuvi, kwetu Kojani, Pemba. Mume wangu alikuwa mtu wa dago, kambi za wavuvi za mbali, akitoka miezi na akirudi mzima. Mwaka juzi alivimba uso na miguu, tukaambiwa presha imezila figo zote mbili na hazirudi tena. Sukari alipimwa, hana. Tumehamia Unguja, kwa wifi yangu Kwahani, ili awe karibu na hospitali anakosafishwa damu. Siku zake ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na kila mara anatakiwa akae masaa manne.

Kilichonileta kwako ni miguu yake. Ukiingia usiku haitulii. Mara nyayo zinawaka moto, mara anachomwa sindano, mara anahisi vitu vinatambaa ndani ya ngozi. Anaitoa miguu nje ya chandarua, anashuka kitandani kuikanyaga saruji, anazunguka ukumbini mpaka karibu na alfajiri. Mchana ni ganzi. Mwezi uliopita alirudi msikitini na lapa moja, la pili limemvuka njiani na hakuhisi. Watoto walicheka. Mimi niliingia ndani nikalia.

Yeye ameshaamua kwamba mashine ndiyo mbaya wake. Anasema alianza mashine na miguu yake mizima, na kwamba akiwa pale kitini ndipo miguu inapomkera zaidi na misuli inapombana. Basi siku hizi yakitimia masaa matatu anawaambia wauguzi wamtoe. Wanamsihi mpaka wanachoka, anatia saini, anaondoka. Alhamisi moja hakwenda kabisa. Mwenziwe wa kiti cha pili, aliyeko kwenye mashine miaka mingi, ana ganzi ya vidole vya mkono, na mume wangu anaona huko ndiko na yeye anakokwenda. Mkono wake aliounganishwa mshipa wa kuchomekea mashine nao huwa wa baridi, khasa akiwa mashineni.

Mamkwe amekuja kutoka Pemba. Anamkanda kwa mafuta ya makonyo ya karafuu na mchanga wa moto uliofungwa kwenye kitambaa, anasema damu imelala. Wifi anasema aache mashine atafutiwe dawa za kienyeji. Mimi nimemnunulia duka la dawa vidonge vya vitamini B na vya maumivu. Vinamtuliza siku mbili tatu, kisha yale yale.

Jengine naona haya kuliandika. Tangu mwaka jana mambo ya unyumba hayapo. Amenigeuzia mgongo, na nikimuuliza anakuwa mkali. Sijui ni maradhi au nimemtoka moyoni.

Bibi, ni kweli mashine inaua mishipa ya fahamu? Nimwache apunguze masaa, au nigombane naye?

Mama wa watoto wanne, Unguja

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Gombana naye. Kwa upole wa mke kwa mumewe, lakini hiyo saa moja usimwachie.

Nianze na hiyo miguu anayosema ilikuwa mizima. Figo zikifeli, uchafu uliokuwa ukitoka na mkojo hubaki ndani ya damu, na damu hiyo ndiyo inayolisha mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo hutoka uti wa mgongo ikateremka mpaka kwenye vidole vya miguu. Ile mirefu kuliko yote huumia kwanza, na huanza kufia nchani. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na nyayoni, miguu yote miwili sawasawa, ikapanda polepole, na mikono hufuata nyuma sana. Kwa kawaida maradhi haya huanza pale figo zinapobaki na kazi ndogo mno, chini ya asilimia 15 hivi, yaani kabla mtu hajakaa kwenye mashine au karibu na wakati huo huo. Kwa hiyo mumeo hakuanza mashine na miguu mizima. Alianza na miguu ambayo ilikuwa bado haijalalamika. Na hayuko peke yake: wakipimwa vizuri, zaidi ya nusu ya wanaosafishwa damu hukutwa na athari hii, hata wale ambao bado hawajahisi kitu.

Sasa hesabu ya masaa. Wiki ina masaa 168, na figo nzima hufanya kazi masaa yote hayo, usiku na mchana. Mumeo amepewa masaa 12 tu ya kufanya kazi hiyo. Akitoka mapema kila mara anabaki na 9, na wiki ile aliyoikosa Alhamisi alibaki na 6. Yeye ni mvuvi, mwambie kwa lugha yake: mashine haizibi tundu, inafua maji. Chombo kinavuja saa zote, na anayeacha kufua kabla ya wakati anabaki na maji ndani.

Hili limejulikana tangu mwanzo wa tiba yenyewe. Mwaka 1960, mjini Seattle nchini Marekani, daktari Belding Scribner alibuni mrija wa kubaki mkononi mwa mgonjwa, na kwa mara ya kwanza mtu aliyefeli figo moja kwa moja akaweza kusafishwa damu tena na tena bila kutobolewa mshipa mpya kila mara. Wagonjwa wale wa mwanzo walisafishwa mara chache kwa wiki. Waliishi, lakini miguu ikaanza kufa ganzi na kulegea. Madaktari walipoongeza kusafisha, hali ikatengemaa. Kuanzia hapo kuharibika kwa mishipa ya fahamu kukawa moja ya alama zinazowaonyesha madaktari kwamba mgonjwa hasafishwi vya kutosha. Nataka uishike hapo: miguu ya mumeo inapopiga kelele, swali la kwanza ni kama anasafishwa vya kutosha, na yeye mwenyewe ameshalijibu kwa saini yake.

Ataniuliza, saa moja ina nini? Ina mengi. Uchafu wa damu hauko wa aina moja. Chembe ndogo, kama yurea, hutoka haraka, nyingi yake katika masaa ya mwanzo. Chembe kubwa zaidi hupita kwenye chujio la mashine kwa taabu na zinahitaji muda, na kwa miaka mingi wataalamu wamezishuku hizo kuwa ndizo zinazodhuru mishipa ya fahamu. Anayetoka mapema anaziacha ndani.

Halafu kuna potasiamu, madini yaliyomo katika vyakula vyetu vingi. Mshipa wa fahamu hufanya kazi kwa umeme mdogo unaotegemea kiasi cha potasiamu ndani na nje ya mshipa. Ikizidi kwenye damu, mshipa unakaa katika hali isiyo yake, haupumziki. Mwaka 2002 Matthew Kiernan na watafiti wenzake walichapisha vipimo vya mishipa ya fahamu ya wagonjwa wa figo waliopimwa kabla na baada ya mashine. Kabla ya mashine mishipa ilikuwa imevurugika, na kiasi cha mvurugiko kilikwenda sambamba na potasiamu ya damu. Baada ya mashine ilikaribia kurudi sawa. Kwa hiyo tazama usiku wa Jumatatu, maana kutoka Jumamosi mpaka Jumanne ndio mwanya mrefu kuliko wote katika ratiba yake. Ukiona usiku huo ndio mbaya kuliko mwengine, umepata ushahidi wa kumwekea mezani bila ya kugombana sana.

Lakini simpuuzi anaposema kwamba kitini ndipo miguu inapomkera. Anasema kweli, ila anayemlaumu siye. Anayotaja ni mambo mawili. La kwanza ni maradhi ya miguu isiyotulia, yanayowapata wengi waliofeli figo. Huja mtu anapokaa au kulala bila kujinyoosha, hupoa akisimama akatembea, na jioni na usiku huzidi. Mtu aliyefungwa mirija mkononi kwa masaa manne hawezi kusimama, basi lazima yamkamate pale pale. Aombe apimwe wingi wa damu na madini ya chuma, kwa sababu chuma kikipungua hali hii huzidi, na ni jambo linalotibika. Wauguzi wanaweza kumruhusu akunje na kunyoosha miguu, na wewe ukiruhusiwa kukaa karibu, msugue mashavu ya miguu.

La pili ni kubanwa misuli. Hiyo huja pale mashine inapolazimika kutoa maji mengi kwa haraka. Na hapa, mwanangu, anajiumiza mwenyewe bila kujua. Akifika na kilo tatu za maji zikatakiwa kutoka kwa masaa matatu badala ya manne, mwendo unakuwa mkali zaidi, presha inashuka, msuli unabana, naye anazidi kuichukia mashine na kutaka kutoka mapema zaidi. Dawa ni kupunguza chumvi ili kiu ipungue. Najua unamhurumia na unampa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, kwa sababu hana hamu ya kitu chengine. Usimpe. Ng'onda moja inamtia kiu ya siku nzima.

Ni lazima pia nikwambie mashine haifanyi nini, asije akakaa masaa yote manne kwa mwezi mmoja, asione muujiza, akasema nimekudanganya. Kwa walio wengi, kusafishwa vya kutosha huzuia mishipa ya fahamu isiendelee kuharibika. Kuwaka moto na vichomi huweza kupungua. Ganzi iliyokwisha kuingia ni nzito kuondoka, na mara nyingi haiondoki yote, kwa sababu uzi wa mshipa uliokufa hukua upya kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa siku pale unapoweza, na kutoka mgongoni mpaka kidoleni ni takriban mita moja. Kinachorudisha mishipa ya fahamu kweli kweli ni kupandikizwa figo. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya miezi michache, nayo huendelea hata baada ya mwaka. Tanzania upandikizaji ulianza Muhimbili mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Mtoaji huwa ni ndugu aliye hai, kwa hiari yake na baada ya kupimwa. Mumeo bila shaka ana ndugu wa tumbo moja. Mazungumzo hayo yaanzeni sasa, wakati bado ana nguvu.

Tuje kwenye mikono. Hapa naye ana haki kidogo. Mkono ulioungwa mshipa unaweza kukosa damu ya kutosha, kwa kuwa sehemu ya damu inakata njia na kupitia kwenye ule mshipa ulioungwa kabla ya kufika vidoleni. Ubaridi mdogo ni wa kawaida, lakini ubaridi unaozidi akiwa mashineni aoneshwe daktari Jumanne hii, asisubiri. Na vidole vikigeuka rangi, vikitoka kidonda, au mkono ukikosa nguvu ya kushika kikombe, ni siku ile ile, hata usiku. Mshipa wa fahamu uliokosa damu haungoji. Huyo mwenziwe wa kiti cha pili, ikiwa ganzi yake iko kidole gumba na viwili vinavyofuata na inamwamsha usiku, huenda ana jambo jengine: kuna protini ambayo mashine haiwezi kuitoa yote, nayo kwa miaka mingi hujilimbikiza kwenye kiganja na kuubana mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono. Aoneshe na yeye. Upasuaji mdogo huufungua.

Vidonge ulivyomnunulia vimenitia wasiwasi kuliko mashine. Ni kweli mashine hutoa vitamini za kundi la B pamoja na uchafu, na zikipungua mishipa ya fahamu huumia. Ndiyo maana wagonjwa hupewa kidonge maalumu cha kipimo kidogo, nacho humezwa baada ya mashine. Lakini vile vya kuuzwa kwa maumivu ya mishipa mara nyingi vimebeba vitamini B6 nyingi, na B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi ya miguu. Vidonge vya maumivu vya aina ya diklofenaki na ibuprofeni akae navyo mbali: huweza kumtoa damu tumboni, kumpandisha presha, na kumalizia mkojo kidogo alio nao kama bado anao, ambao ni neema kubwa kwake. Zipo dawa za kutuliza vichomi vya mishipa, gabapentini ni mojawapo, lakini hiyo hutolewa mwilini na figo. Mtu wa mashine hupewa kipimo kidogo, mara nyingi baada ya kusafishwa. Akimeza kipimo cha mtu mzima wa afya ataanza kulala ovyo, kuyumba, kutikisika mikono na kusema yasiyoeleweka. Sukari alipimwa mkaambiwa hana, alhamdulillah, lakini muulizeni daktari na vitamini B12, na mumpelekee orodha ya kila anachomeza, pamoja na dawa za miti.

Mamkwe mheshimu, ila mchanga wa moto uishe leo. Mguu usiohisi lapa linalovuka hauhisi ngozi inapoungua. Mafuta ya makonyo nayo ni makali, yakipakwa bila kuchanganywa huunguza. Mpe mamkwe kazi nyengine, maana anataka kumsaidia mwanawe na mikono yake haiwezi kukaa bure: amkande kwa mafuta ya nazi yaliyo baridi, na kila usiku akague nyayo na katikati ya vidole kwa taa, kutafuta mchubuko au mwiba. Malapa yabadilisheni kwa viatu vya kufunga vinavyomkaa. Pwani asiende miguu mitupu. Maji ya kuoga yapimwe na wewe, kwa kiwiko chako.

Chakula, kwa kifupi. Madafu, tende, ndizi, boga, muhogo na viazi vina potasiamu nyingi. Dafu aliache kabisa, hata ndugu wakija nalo kwa mapenzi. Muhogo na viazi mkatie vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, umwage, uchemshe tena, na apewe kidogo. Tunda moja nataka ulikataze nyumbani kabisa: lile la pembe tano ambalo ukilikata linatoka umbo la nyota. Lina sumu ambayo figo nzima huitoa bila shida, lakini kwa aliyefeli figo huingia kwenye ubongo. Huanza kwa kwikwi isiyokoma, halafu kuchanganyikiwa na degedege, na wapo waliokufa. Birimbi la kutilia mchuzi ni jamaa yake wa karibu na lina asidi ya oksaliki nyingi, basi na hilo muepushe. Tia ndimu kidogo.

Sasa lile uliloona haya. Kuna mishipa ya fahamu tusiyoiamrisha, ile inayoendesha moyo, tumbo, jasho, presha na nguvu za kiume. Nayo huumia kwa uchafu ule ule. Mwanamme aliyefeli figo kupoteza nguvu ni jambo la kawaida sana, na upungufu wa damu, dawa za presha na huzuni huongeza. Ukali wake ukimuuliza, mimi nausoma kuwa ni aibu. Amepoteza bahari, amepoteza nyumba yake, analala kwa dada yake, na sasa hili. Usimuulize tena kitandani. Mwambie mchana, mkiwa wawili, kwamba umeambiwa ni maradhi, yanasemeka kwa daktari, na wewe hujaondoka. Asinunue dawa za nguvu mitaani: baadhi yake zikikutana na dawa za moyo humshusha mtu presha mpaka akaanguka.

Wifi naye aambiwe kwa lugha nyepesi kwamba kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi tena, kuacha mashine ni kufa ndani ya siku au wiki chache. Nadhani anasema vile kwa uchungu wa kumwona kaka yake halali.

Jumanne nenda naye. Kabla hajaunganishwa, waombe wauguzi wakuoneshe uzito aliokuja nao na kiasi cha maji kitakachotolewa, uwaulize kama mwendo unaweza kupunguzwa akikubali kukaa masaa yote manne. Mwambie daktari mbele yake kuhusu miguu, mkono wa baridi na vidonge. Hilo la unyumba mwachie alitaje mwenyewe, na akinyamaza, mtafute daktari au muuguzi wa kiume umnong'oneze amuulize wakiwa peke yao. Na yakitimia masaa matatu akaanza kuwaita wauguzi, simama umsugue miguu, muanze kuhesabu pamoja dakika zilizobaki.